Uzi wa kidhibiti pepe cha makatizo: kulipeleka katizo ni rahisi, kulikumbuka ndiyo kazi

Mtambo wa Sinza (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna lalamiko linarudi kila mara kwa mafundi wa seva hapa Dar. Mashine pepe imepewa prosesa za kutosha, memori ya kutosha, diski ni SSD, lakini mtandao wake unasuasua na prosesa ya mwenyeji (kompyuta halisi inayobeba mashine pepe) inachemka. Ushauri unaotolewa huwa ni "ongeza RAM" au "badilisha kadi". Mara nyingi ugonjwa uko mahali ambapo watu hawapachungulii, yaani kwenye kidhibiti cha makatizo (katizo, au interrupt, ni ishara ya kifaa kuitaka prosesa isimame ikisikilize) ambacho haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe, inamwigizia mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe. Leo tukifungue. Wale mnaoandika haipavaiza zenu ndogo juu ya /dev/kvm (mlango wa KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha mashine pepe), najua mpo wengi pale Kijitonyama, uzi huu ni wenu zaidi.

Tuanze na mashine halisi. Kadi ya mtandao ikipokea pakiti haikai kusubiri prosesa ipite kuiuliza, inainua waya. Waya ule unaishia kwenye kidhibiti, na kidhibiti ndicho kinachoamua nani asikilizwe kwanza, kinaipa prosesa namba ya katizo, halafu kinashika kumbukumbu ya lile linaloshughulikiwa ili dogo lisije likaliingilia kubwa. Kwenye PC za zamani kidhibiti hicho ni Intel 8259, tunachokiita PIC. Kimoja kina miguu minane ya kupokelea. IBM walipotoa PC/AT mwaka 1984 waliunganisha viwili, cha pili kikaning'inizwa kwenye mguu namba 2 wa cha kwanza, ndiyo maana mistari inayotumika ikawa 15.

Ndani yake kuna rejista tatu za biti nane, na hapo ndipo roho ya jambo zima ilipo. IRR inaonyesha nani ameomba. IMR inaonyesha nani amezuiwa. ISR inaonyesha nani anahudumiwa sasa hivi. Prosesa ikilikubali katizo la mpigo, biti yake inazimwa kwenye IRR na kuwashwa kwenye ISR. Mfumo ukimaliza kulihudumia unatuma EOI (taarifa ya kumaliza katizo), ambayo kwa PIC ni kuandika 0x20 kwenye poti 0x20, na biti ya ISR inazimwa. Kabla ya hapo, katizo lolote lenye cheo sawa au cha chini linasubiri.

Sasa mlete mgeni. Linux au Windows iliyo ndani ya mashine pepe inaamini 8259 ipo, kwa hiyo inaandika kwenye poti 0x20, 0x21, 0xA0 na 0xA1 kama ilivyozoea. Kila inapoandika, prosesa inachomoka kwa mgeni na kurudi kwa mwenyeji. Haipavaiza inaangalia mgeni alitaka kuandika nini, inabadilisha rejista zake za kuigiza, ambazo kwa kweli ni baiti chache tu kwenye memori, kisha inamrudisha mgeni ndani. Mgeni hana habari.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea uzi mzima: kumpelekea mgeni katizo hakuna ugumu. Ugumu ni kukumbuka kwamba limeshapelekwa, limekubaliwa, na halijamalizwa. Karibu kila hitilafu ya maana kwenye kidhibiti pepe ni hitilafu ya kumbukumbu hiyo.

Mtambo wa Sinza

Naendelea kabla maswali hayajaanza.

Kupeleka kwenyewe kunafanyikaje? Kwenye prosesa za Intel, haipavaiza inapotaka kumrudisha mgeni ndani, inajaza sehemu moja ya VMCS (eneo la memori linalohifadhi hali ya mgeni) yenye vekta, yaani namba ya katizo, na aina ya tukio. Prosesa ikiingia kwa mgeni inalitekeleza tukio hilo kana kwamba waya umeinuliwa kweli. Ni uandishi mmoja tu. Lakini huruhusiwi kufanya hivyo mgeni akiwa amefunga makatizo kwa amri ya CLI. Hapo unaiomba prosesa ichomoke mara tu mgeni atakapoyafungua, halafu ndipo unalipeleka. Na kama prosesa pepe inakimbia kwenye kiini kingine wakati huo, lazima uitumie kiini hicho katizo la kweli kumchomoa mgeni, maana bila msaada maalumu wa prosesa hakuna njia nyingine ya kumfikia. Kama amelala kwa HLT, unamwamsha.

PIC ni ya prosesa moja. Mashine ya prosesa nyingi inahitaji APIC, kidhibiti kilichokuja baada ya PIC, na hapa kazi inakuwa kubwa. Kila prosesa pepe inapata APIC yake ya ndani, ukurasa wa KB 4 unaoonekana kwenye anwani 0xFEE00000. Juu yao kuna I/O APIC kwenye 0xFEC00000, yenye miguu 24, inayopokea waya za vifaa na kuzielekeza kwa prosesa husika. IRR na ISR za APIC ya ndani si biti nane tena, ni biti 256 kila moja, biti moja kwa kila vekta. Kipaumbele kinatokana na biti nne za juu za vekta, kwa hiyo kuna madaraja 16. Mgeni akitaka kuzuia madaraja ya chini anaandika kwenye TPR.

Kwa haipavaiza hiyo maana yake ni hesabu kwenye kila hatua. Tafuta vekta kubwa kuliko zote kwenye IRR, tafuta kubwa kuliko zote kwenye ISR, linganisha na TPR, ndipo uamue kama kuna cha kupeleka. Mgeni akiandika EOI kwenye 0xB0 ya ukurasa ule, zima biti ya juu kwenye ISR, kisha rudia hesabu yote, kwa sababu huenda kuna aliyekuwa anasubiri.

Sasa fikiria kadi ya mtandao yenye pakiti maelfu kwa sekunde. Bila msaada wa prosesa, kila katizo linakuchomoa kwa mgeni kulipeleka, na linakuchomoa tena kwa EOI. Hapo ndipo prosesa ya mwenyeji inapochemkia, wakati ukiingia ndani ya mgeni na kutazama matumizi yake unaona ametulia kabisa.

Kijana wa Buguruni

Mkuu, heshima yako. Mimi nimo kwenye hao wa /dev/kvm. Nimeita KVM_CREATE_IRQCHIP (amri ya kuiambia KVM iunde kidhibiti) na mgeni wangu anawaka vizuri. Ila kibodi niliyoiigiza inatoa herufi ya kwanza tu. Nikibonyeza ya pili, kimya. Natumia KVM_IRQ_LINE (amri ya kuinua au kushusha mstari) kwenye namba 1. Nimepitia kodi ya kibodi nimechoka.

Mtambo wa Sinza

Kijana, unapoinua mstari namba 1, je, unaushusha?

Kijana wa Buguruni

Hapana mkuu. Natuma thamani 1 kila herufi inapoingia. Nilidhani inatosha.

Mtambo wa Sinza

Hapo ndipo penyewe, na nashukuru umeuliza, maana ndicho kiini cha uzi.

Kuna makatizo ya aina mbili. Kwenye daladala, abiria mmoja anagonga bodi mara moja na kunyamaza. Konda asiposikia, kituo kimepita. Mwingine anagonga mfululizo na haachi mpaka gari lisimame na yeye ashuke. La kwanza ni katizo la mpigo, la pili ni la kushikilia. Kibodi, taima na vifaa vingine vya zamani vya ISA ni vya mpigo. Vifaa vya PCI vinavyotumia waya ni vya kushikilia, kwa sababu vifaa kadhaa vinaweza kuchangia waya mmoja.

Kwa mpigo, kinachohesabika ni mstari kupanda kutoka chini kwenda juu. KVM inakumbuka hali ya mwisho ya kila mstari. Ulipotuma 1 mara ya kwanza, iliona mstari umepanda, ikawasha biti ya IRR. Mara ya pili ukatuma 1 tena, ikatazama kumbukumbu yake ikakuta mstari ulikuwa juu tayari. Hakuna kilichopanda, hakuna katizo. Tuma 1, kisha tuma 0. Ukitaka kuiga kibodi kwa uaminifu zaidi, ushushe mgeni anaposoma baiti kwenye poti 0x60, ndivyo kifaa chenyewe kinavyofanya.

Na ujue jambo la pili: ukipandisha mstari wakati biti ya IRR bado imewaka, yaani mgeni hajalikubali la kwanza, yale mawili yanakuwa moja. IRR ni biti, haihesabu. Kwa kibodi haina madhara makubwa, mgeni atasoma bafa. Kwa taima madhara yapo, maana mgeni wa zamani anayehesabu saa kwa mipigo ya taima atakuwa na saa inayochelewa kila seva inapolemewa. Ndiyo sababu KVM ina KVM_IRQ_LINE_STATUS, inayokurudishia jibu kama katizo limepokelewa au limemezwa na lililotangulia, na ndiyo sababu taima ya 8254 inayoigizwa na KVM ina utaratibu wa kumrudishia mgeni mipigo iliyopotea.

Mwenge Teki

Uzi wa maana sana huu. Nina swali la wasiojua. QEMU, ile programu ya kawaida inayofanya kazi na KVM, tayari inaigiza diski, kadi za mtandao, kila kitu. Kwa nini kidhibiti cha makatizo kiwekwe ndani ya kerneli? Kwa nini kisibaki QEMU na vingine?

Mtambo wa Sinza

Swali zuri, halina cha wasiojua.

KVM ilipoingia kwenye Linux 2.6.20 mwezi Februari 2007, kidhibiti kilikuwa huko huko QEMU. Tatizo ni umbali. Mgeni akichomoka, kwanza anatua kwenye kerneli. Kama kidhibiti kiko QEMU, kerneli lazima irudi kwenye programu ya kawaida, QEMU ifanye kazi yake, iite kerneli tena, kerneli imrudishe mgeni. Njia hiyo ni ndefu zaidi, na EOI zinakuja kwa maelfu. Ndiyo maana haikuchukua muda kidhibiti kikahamishiwa ndani. Faida nyingine ilikuja baadaye kwa irqfd. Kerneli inapewa namba ya faili, na yeyote anayeiandikia, kwa mfano vhost-net, kodi ya mtandao wa mgeni iliyomo kerneli vilevile, anasababisha katizo kwa mgeni bila QEMU kuguswa.

Upande wa pili ni usalama, na hapa naomba tuwe makini, kwa sababu wengi wenu mnauza mashine pepe kwa wateja msiowafahamu. Kila rejista unayoigiza ndani ya kerneli ni mlango ambao mgeni anaweza kuugonga. Mwaka 2013 zilitangazwa kasoro mbili za usalama, CVE-2013-1798 na CVE-2013-6367. Ya kwanza ilikuwa kwenye I/O APIC ya KVM: mgeni alichagua namba ya rejista isiyokuwepo, akasoma memori ya mwenyeji isiyomhusu au akaiangusha kerneli. Ya pili ilikuwa kwenye taima ya APIC ya ndani: mgeni aliweza kuilazimisha kerneli ya mwenyeji igawanye kwa sifuri, na seva nzima ikaanguka pamoja na wageni wengine wote. Zilirekebishwa zamani, lakini zinaonyesha kodi ya namna hii inavyoweza kuuma.

Suluhisho la katikati lilikuja na kerneli 4.4 mwanzoni mwa 2016. APIC ya ndani inabaki kerneli kwa sababu inaguswa kila mara, PIC na I/O APIC zinarudi QEMU kwa sababu vifaa vya kisasa haviwahitaji sana. Kwenye QEMU unaandika kernel-irqchip=split. Mimi naipendelea hiyo. Ingezuia tundu la kwanza kati ya yale mawili. La pili isingelizuia, kwa kuwa APIC ya ndani imebaki pale pale.

Dada Kigamboni

Kaka Mtambo, nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, ila hapo kwenye split nakupinga.

Mimi naendesha mashine zenye vifaa vya PCI nilivyowakabidhi wageni moja kwa moja kwa VFIO, na baadhi ni kadi za zamani zinazotumia waya, hazijui MSI (katizo linalotumwa kwa kuandika kwenye anwani badala ya kuinua waya). Katizo la kushikilia linataka kitu ambacho hujakieleza bado. Kifaa kikiinua waya, mwenyeji anauzima kwa muda, anampelekea mgeni, kisha anasubiri EOI ya mgeni ndipo aufungue tena na kutazama kama kifaa bado kinagonga. Ndani ya kerneli kuna aina maalumu ya irqfd inayofanya hayo yote bila kutoka nje. Ukitenganisha, I/O APIC iko QEMU, na EOI ya kila katizo lazima itoke mpaka huko.

Mwaka 2019 QEMU 4.0 iliifanya split kuwa chaguo la kawaida kwa mashine ya q35, moja ya aina za kompyuta ambazo QEMU inaziigiza. Irqfd ile ilikuwa haifanyi kazi kabisa kwenye hali ya split, na wenye vifaa vya waya kupitia VFIO wakaumia vibaya. Wakalazimika kutoa aina mpya ya mashine, pc-q35-4.0.1, kuirudisha hali ya zamani. Kwa hiyo kumwambia mtu "tumia split" bila kumuuliza ana vifaa gani ni kumpoteza.

Mtambo wa Sinza

Dada, hoja imekaa. Nitaweka sharti: split ni kwa wageni wenye vifaa vya MSI na virtio (vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa mashine pepe). Kwa MSI hakuna waya wala I/O APIC njiani. Kifaa kinaandika namba kwenye anwani inayoanzia 0xFEE, na maandishi hayo yenyewe ndiyo katizo, la mpigo, linalofika moja kwa moja kwa APIC ya ndani. MSI-X inampa kifaa kimoja hadi vekta 2048, kila foleni ya kadi ikawa na yake. Ukiwa na kifaa cha waya ulichomkabidhi mgeni, baki na kernel-irqchip=on kama dada alivyosema.

Niongezee kwenye makatizo ya kushikilia kwa sababu umefungua mlango. I/O APIC ina biti moja kwa kila mguu, inaitwa Remote IRR. Inawaka katizo la kushikilia linapokubaliwa na APIC ya ndani, inazimwa EOI inaporudi. Ikiwa imewaka, mguu huo haupeleki tena. Ukisahau kuizima kwenye kodi yako, kifaa kinanyamaza milele. Ukiizima mapema, mgeni anapigwa na katizo lile lile bila kikomo.

Na mafuriko hayo hayatoki kwa waandishi wa haipavaiza peke yao. Kuna wageni wanaotuma EOI kabla ya kukinyamazisha kifaa. Kwenye mashine halisi wanaponea kwa sababu waya una ucheleweshaji kidogo. Kwenye mashine pepe EOI inafanya kazi papo hapo, katizo linarudi papo hapo, mgeni hapigi hatua hata moja mbele. KVM inakabili hali hiyo kwa kuhesabu: katizo la mguu mmoja likirudishwa mfululizo mara 10,000 wakati wa EOI, inasubiri takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kabla ya kulipeleka tena, mgeni apate nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu aliyeandika hayo alimfikiria mgeni mwenye kasoro na akaamua aendelee kuishi. Naiheshimu sana kodi ya namna hiyo.

Linux ikiwa mgeni nayo ina kinga yake. Katika kila makatizo 100,000 ya mstari mmoja, kama zaidi ya 99,900 hayakupata draiva wa kuyadai, inaufunga mstari na kuandika kwenye kumbukumbu zake. Ukikuta ujumbe huo ndani ya mgeni, usikimbilie kubadilisha draiva. Chunguza kwanza kama haipavaiza inaushusha waya.

Mhasibu Kariakoo

Wataalamu, naomba nisaidiwe kwa lugha nyepesi. Duka letu lina programu ya stoo inayokubali Windows XP peke yake. Fundi aliiweka ndani ya mashine pepe kwenye kompyuta ya zamani. Inafanya kazi ila ni nzito ajabu, hata mshale wa mausi unakwama. Kompyuta yenyewe ikiwa haina XP hiyo iko vizuri. Hii inahusiana na mnayozungumza?

Mtambo wa Sinza

Inahusiana sana, ndugu yangu, na ni kisa kinachojulikana.

Windows za biti 32 za enzi hizo zinaandika kwenye TPR mara nyingi mno, kila zinapopandisha au kushusha daraja la kazi ndani ya kerneli yake. Kwenye mashine halisi ni gharama ndogo. Kwenye mashine pepe isiyo na msaada wa prosesa, kila uandishi unamchomoa mgeni. Intel waliweka msaada unaoitwa FlexPriority mahsusi kwa hilo. Prosesa inamwachia mgeni aandike kwenye nakala ya TPR, na inachomoka pale tu daraja linaposhuka kiasi cha kuruhusu katizo lililokuwa linasubiri. QEMU na KVM nazo zina mbinu kwa prosesa zisizo na msaada huo. Zinabadilisha zile amri za kuandika TPR ndani ya memori ya mgeni akiwa anaendelea kukimbia, ziite kodi ndogo isiyochomoka.

Mwambie fundi aangalie /proc/cpuinfo kama kuna neno flexpriority. Kama halipo, hamishia XP kwenye kompyuta iliyo nalo. Memori hata mkiongeza haitasaidia kitu. Na XP hiyo msiiache iguse intaneti.

Mhasibu Kariakoo

Asante sana mkuu. Nimempelekea ujumbe huu sasa hivi.

Mwenge Teki

Hao wa seva za mtumba nao wana cha kuangalia? Wengi tunanunua Dell R720.

Mtambo wa Sinza

Wanacho, tena cha pesa. R720 inakubali Xeon E5-2600 za kwanza na za v2. Hiyo v2, ya mwaka 2013, ndiyo iliyokuja na APICv kwenye seva za Intel. Muulize muuzaji ni ipi, mwombe uiwashe uone, usitosheke na stika.

APICv inabadilisha mchezo. Ukurasa wa APIC ya mgeni unaingizwa kwenye prosesa yenyewe, na prosesa ndiyo inayosoma IRR, inalinganisha na TPR, inapeleka, na kupokea EOI. Mgeni anaandika EOI bila kuchomoka, isipokuwa kwa zile vekta za kushikilia ambazo I/O APIC ya kuigiza inahitaji kuarifiwa. Kisha kuna makatizo ya kubandikwa: mwenyeji anawasha biti kwenye orodha ya biti 256 iliyopo memori, anaitumia prosesa ishara moja, na prosesa inaihamisha orodha hiyo kwenye IRR ya mgeni bila kumchomoa. Kuangalia ni rahisi, soma /sys/module/kvm_intel/parameters/enable_apicv. Ikisema Y, ipo. AMD wana AVIC kwa kazi hiyo hiyo.

Kama haipo, usitupe seva. Kwa kadi ya mtandao tumia virtio, yenye uwezo wa kumwambia mwenyeji "nina kazi mkononi, usinikatize kwanza". Katizo ambalo halikutumwa halina gharama.

Kijana wa Buguruni

Kibodi imekubali! Nimeweka 1 kisha 0. Asante mkuu.

Rafiki yangu ana Raspberry Pi 3 na mimi nataka kununua 4. Haya mambo ya APIC yanatuhusu?

Dada Kigamboni

Naomba nijibu hili, ARM (aina ya prosesa iliyomo kwenye Pi) ndiko ninakoshinda.

Huko APIC haipo, kuna GIC. Makatizo yamegawanywa kwa namba: 0 hadi 15 ni ya prosesa kupigiana zenyewe, 16 hadi 31 ni ya kila prosesa peke yake kama taima, 32 hadi 1019 ni ya vifaa. GIC ilifikiria wageni tangu toleo la 2. Haipavaiza ina rejista za orodha, kila moja inabeba katizo moja na hali yake: linasubiri, linahudumiwa, au yote mawili. Unazijaza kabla ya kumwingiza mgeni, na yeye analikubali na kulimaliza kwenye vifaa halisi bila kuchomoka. Ukiwa na makatizo mengi kuliko rejista, yaliyobaki unayaweka kwenye foleni yako na kuomba uarifiwe nafasi ikipatikana. GIC-400 ina rejista nne tu za aina hiyo. Sehemu ya juu, ile inayogawa makatizo kwa prosesa, bado unaiigiza kwa kuchomoka. Kwa hiyo prosesa pepe mbili zikipigiana sana, gharama iko hapo.

Pi 4 ina GIC-400, nunua. Pi 3 haina GIC kabisa, ina kidhibiti cha Broadcom wenyewe. Rafiki yako asikate tamaa. Tangu 2017 KVM ya ARM inaruhusu kidhibiti kibaki QEMU, kernel-irqchip=off. Itakuwa polepole, lakini kwa kusomea inafaa kweli, kwa sababu kila hatua iko mbele ya macho yako kwenye programu unayoweza kuisimamisha na kuichungulia.

Mtambo wa Sinza

Dada umemaliza. Kijana, kwa upande wa x86 nawe unaweza kuchungulia. Washa alama za ufuatiliaji (tracepoints) za kerneli za kvm_set_irq, kvm_apic_accept_irq, kvm_inj_virq na kvm_eoi, uzisome kwa mpangilio. Bila APICv, katizo la waya linalopitia APIC linapaswa kupita zote nne. La PIC litaruka kvm_apic_accept_irq na kvm_eoi, na utaliona kwenye kvm_pic_set_irq. Linapokatikia ndipo penye tatizo.

Na siku utakapotaka kumhamisha mgeni akiwa hai kwenda seva nyingine, kumbuka ile hoja ya mwanzo. Memori na rejista za prosesa hazitoshi. Chukua KVM_GET_LAPIC kwa kila prosesa pepe (ni baiti 1024), KVM_GET_IRQCHIP kwa PIC zote mbili na I/O APIC, na KVM_GET_VCPU_EVENTS kwa katizo lililotolewa IRR lakini halijamwingia mgeni. Ukiliacha hilo la mwisho, ISR itasema linahudumiwa wakati mgeni hajawahi kuliona. Hatatuma EOI ya kitu asichokijua, na kila kilicho chini ya daraja hilo kitasubiri daima.

Kijana wa Buguruni

Nimenakili yote. La mwisho mkuu: saa ya RTC niliyoiigiza iko mstari namba 8. Katizo la kwanza linafika, la pili halifiki, na mara hii nashusha mstari.

Mtambo wa Sinza

Mgeni ni kerneli uliyoiandika mwenyewe? Kama ndiyo, angalia vitu viwili. Namba 8 iko kwenye PIC ya pili, kwa hiyo EOI ni mbili: 0x20 kwenye poti 0xA0, kisha 0x20 kwenye poti 0x20, kwa sababu PIC ya kwanza nayo imewasha ISR ya mguu namba 2. Halafu hakikisha mgeni anasoma rejista C ya RTC baada ya kila katizo. Asipoisoma, RTC halisi hairushi jingine, na kama umeiiga kwa uaminifu, ya kwako nayo haitarusha.

Kijana wa Buguruni

Rejista C. Sikuwa naisoma. Inapiga sasa.